Kopo la Maziwa Nyuma ya Sabuni

Mwangaluka, wanangu. Huku kwetu ndivyo tunavyoamkiana asubuhi. Kama umepangiwa kazi hapa ukitokea Tanga au Mbeya, jifunze kuitikia salamu hiyo kabla hujashika kipimo cha presha, maana wagonjwa wako watakupima wewe kwanza.

Mimi sikuwa daktari wala nesi. Nilikuwa dobi wa hospitali, nimestaafu nikiwa dobi, na wanaonifahamu wananiita Baba Minza. Jina la hospitali yenyewe nitaliacha. Itoshe kusema ipo katika ukanda huu wa dhahabu, na wakati wa machimbo kuchangamka tulipokea watu wa kila namna, wakulima, wafugaji, na wanaapolo, wachimbaji wadogo wanaoshuka kwa kamba kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na kutolewa kwa machela. Nimefua mashuka yao miaka ishirini na saba. Nawaandikia kwa sababu bado naogopa. Mke wangu anasema mtu akistaafu hupumzika na hofu pia hustaafu, lakini yangu haijapata barua.

Nesi anaiona damu ikiwa na mwenyewe. Anamjua jina, anamwona analia au amelala. Dobi anaipata imekunjwa ndani ya shuka, haina jina, na humo ndani kuna lolote. Nimekuta meno ya bandia. Nimekuta rozari, simu inayoita, kipande cha muhogo wa kuchemsha, na siku moja mkasi mzima wa kukatia kitovu. Mkasi si tatizo, unauona. Kinachotisha ni kile usichokiona.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ngasa, dobi wa zamani aliyejifunzia kufua Mwadui, huko kwenye almasi. Mtu mfupi, mkali, hacheki hovyo. Wiki yangu ya kwanza nilijiona mjanja, nikachemsha maji na kuyamwaga juu ya mashuka ya leba. Yakatoka na mabaka ya kahawia yasiyotoka tena. Daktari akauliza kama siku hizi tunafulia chai. Mzee Ngasa hakunitetea. Aliniita pembeni akaniambia, "Damu ni mgeni mkaidi. Ukimpokea kwa maji ya moto, anahamia. Mpokee kwa maji ya baridi, atatoka mwenyewe." Kwa hiyo maji ya baridi kwanza, halafu sabuni, halafu klorini kwa kipimo, moto baadaye. Mpaka leo nikiona mtu anamwagia maji ya moto shuka lenye damu, mkono wangu unamfuata wenyewe.

Jingine alilonifundisha ni namna ya kubeba. "Shuka la hospitali si mke wako, usilikumbatie." Unalishika kwa pembe zake nne, unalitenga na kifua chako, hulikung'uti, hulipangi kwa kupapasa. Glavu nzito, aproni ya mpira, gambuti hata kama jua linawaka. Na usichague. Vijana wengi wanadhani unaweza kutazama shuka ukajua lipi la hatari na lipi la salama. Huku kwetu ndiyo kabisa haiwezekani. Wanaapolo wakiletwa kutoka duara lililotitia, wanakuja na tope jekundu mwili mzima, na shuka likikauka huwezi kutenganisha udongo na damu. Mzee Ngasa alikuwa anasema hesabu yote ni damu, ukikosea umepoteza sabuni tu.

Ninayajua haya yote kwa moyo. Ndiyo maana aibu yangu ni kubwa zaidi.

Kabla sijafika huko niwaambie kisa cha bibi mmoja wa Ushirombo. Mkwe wake alijifungua salama, bibi akakusanya vitenge vyote vilivyoloa akaenda bombani nyuma ya wodi, akaanza kufua kwa mikono mitupu. Nikamfuata na glavu.

"Shikamoo bibi. Vaa hizi kwanza."

"Marahaba. Za nini?"

"Kujikinga na damu, bibi."

Akanitazama kama nimemtukana. "Ng'wanone, mwanangu, huyu kanizalia mjukuu. Nishike damu yake kwa mipira? Akiniona si atasema namwonea kinyaa?"

Hakuvaa. Nilicheka, nikawasimulia wenzangu. Sikujua kwamba mimi na yeye tulikuwa tunafanya kosa lilelile, kumwonea mtu haya mpaka tunaacha kumkinga, na kwamba langu lilikuwa baya zaidi kwa sababu mimi nilifundishwa.

Leba kulikuwa na nesi tunayemwita Sista Modesta. Huyo alikuwa mtu wa watu. Akipika chai ya zamu, kikombe cha dobi hakisahauliki. Minza wangu alipozaliwa ni yeye aliyempokea. Siku moja nikafungua furushi la leba nikakuta sindano ya kushonea, ile iliyopinda kama ndoana, imejichomeka kwenye pindo. Nikaitoa kwa koleo. Utaratibu ulikuwa wazi, sindano ikionekana kwenye nguo, dobi anamwita matroni pale pale, na matroni anauliza wodi. Mimi nikaifunga kwenye karatasi, nikampelekea Modesta mwenyewe.

Uso wake ulibadilika. "Baba Minza, tulikuwa na akina mama watatu kwa mpigo, mimi peke yangu. Matroni akijua nimekwisha. Nakuomba, ukikuta nyingine usipige kelele."

"Usijali, sista. Hili limekufa hapa."

Nilijisikia mwema sana siku hiyo. Nikachukua kopo tupu la maziwa ya unga, nikaliweka kwenye rafu nyuma ya mche wa sabuni. Tangu siku ile kila sindano niliyoikuta, ya leba, ya wodi ya wanaume, ya thieta, niliitoa kwa koleo na kuitia humo. Manesi wakajua. Wakawa wananisalimia kwa heshima ya pekee, na mimi nikavimba kichwa. Nikajiona ndiye ninayeishikilia hospitali isianguke. Ukiuliza kwa nini sikuzipeleka kwenye boksi la njano la sindano, jibu ni kwamba boksi lilikuwa wodini, na mtu angeuliza dobi amezipata wapi.

Aliyekuwa anafua na mimi miaka ya mwisho ni Mama Kabula, mjane wa Segese, kibarua. Mwanamke mkimya mwenye nguvu za kukamua shuka zito peke yake. Aliniona nikitumbukiza vitu kwenye kopo. Hakuwahi kuuliza, na mimi sikuwahi kumweleza.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, saa nne hivi za asubuhi. Duara lilikuwa limetitia huko machimboni, majeruhi wameletwa, na mashuka yakaanza kushuka kwetu kama hayana mwisho. Mama Kabula alikwenda kuteka maji. Mimi nikavua glavu nzito ya mkono wa kulia kwa sababu fundo la furushi moja lilikuwa limekaza na vidole havishiki. Nikasema ni fundo tu. Nikalifungua. Kidole cha kati kikaguswa na kitu, kidogo sana, kama umechomwa na mwiba wa mchongoma.

Nilitazama lile tone la damu yangu likitokea, na masikio yakaziba. Nilisikia maji ya bomba kwa mbali.

Nikafanya makosa yote kwa mkupuo mmoja, na nayataja ili msiyarudie. Nilikiminya kidole kwa nguvu nikidhani nakamua sumu. Nikakichovya kwenye klorini mpaka kikaungua. Nikakifunga kitambaa. Kilichotakiwa ni sabuni na maji yanayotiririka, bila kuminya, halafu kwenda kusema saa hiyohiyo. Mimi nikachomoa ile sindano, ndoana kama ya kwanza, nikaitia kwenye kopo. Mama Kabula aliporudi na ndoo alinikuta nafunga kitambaa.

"Umeumia?"

"Nimejikwaruza."

Hivyo tu. Nikavaa glavu, nikaendelea kufua.

Dawa za kinga zipo, na nilijua zipo. Ukichomwa, unaanza kuzimeza mapema, ndani ya saa chache ikiwezekana, na zikipita siku tatu hazina kazi tena. Lakini zilitolewa CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na benchi la CTC lilikuwa nje, upande wa geti, ambako kila anayekwenda sokoni Nyasubi anapita na kugeuza shingo. Niliona watu wakinihesabia miezi ya kuishi. Na ningesema nimechomwa wapi? Furushi lilikuwa la leba. Ningemtaja Modesta, na kopo lingetoka nyuma ya sabuni. Alhamisi ikaisha hivyo. Ijumaa nikaamka nimelowa jasho, nikafua mpaka mchana bila kusikia ninachoambiwa, halafu nikamfuata Modesta nyuma ya jiko la wagonjwa.

Alishika mdomo. "Tangu jana? Baba Minza, tangu jana?"

Akaenda, akarudi na bahasha ya kaki. Sijui alimwambia nani nini. Hakukuwa na daftari, hakukuwa na kunipima kwanza, hakukuwa na kumtafuta mama aliyelalia lile shuka aombwe apimwe. Vidonge tu, mwezi mzima, na neno moja, "Usiache hata siku moja."

Vilinipa kichefuchefu na ndoto mbaya. Lakini hofu ilikuwa mbaya kuliko vidonge. Ilikaa tumboni ikila na mimi. Kila kipele nilikitazama mara mbili. Nilitenga kikombe changu, ingawa najua vizuri kwamba UKIMWI hauambukizwi kwa kikombe. Nilihama kitanda nikalala kwenye mkeka, nikamwambia mke wangu mgongo unataka sakafu ngumu. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa ameshamchagua mwanamke aliyedhani ninaye, muuza dagaa mmoja wa watu, na kwamba kwa siku kumi hakununua dagaa.

Jumapili ya pili yake, tumetoka misa, alikuwa anapanga nguo zangu. Nikaingia nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, bahasha ya kaki mapajani.

"Hizi dawa nazijua," akasema. "Dada yangu anazimeza. Umezipata lini?"

Nilijaribu kusema za mgongo. Uongo ukanishinda. Nikakaa chini sakafuni nikamweleza yote, shuka, fundo, ndoana, Modesta, kopo. Nililia, wanangu, mtu mzima. Nilitegemea anipige au aondoke. Alikunja na kukunjua bahasha.

Halafu akauliza, "Na Mama Kabula?"

"Mama Kabula kafanyaje?"

"Anajua kwamba humo mna sindano?"

Swali hilo lilinichoma kuliko ile sindano. Kwa siku kumi nilikuwa nimejililia mwenyewe, na kila asubuhi mwanamke yule alikuwa anatia mikono kwenye mafurushi yaleyale, pembeni yangu, na mimi namwangalia.

Jumatatu sikusubiri chai. Nilipiga baiskeli kwa hofu ya aina nyingine, nikiona mkono wake unaingia kwenye shuka kabla sijafika. Nilimkuta ameshafunga aproni.

"Mama Kabula, subiri. Usishike kitu."

Nikamweleza kama nilivyomweleza mke wangu, haraka, nimesimama. Alinisikiliza bila kubadilika uso. Nilipomaliza akavua glavu ya kushoto, akanyoosha kiganja. Chini ya kidole gumba palikuwa na alama ndogo iliyopona zamani, nyeusi kama punje ya mtama.

"Lini?" nikauliza.

"Kabla ya Pasaka."

Ilikuwa imepita zaidi ya mwezi.

"Kwa nini hukusema?"

Akashangaa swali. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. "Nilifikiri ndivyo mnavyofanya hapa. Niliona wewe ukikuta sindano unatia kwenye kopo, unanyamaza, unaendelea. Ikanichoma, nikaitia kwenye kopo, nikanyamaza."

Nililichukua lile kopo. Tukaenda wote wawili kwa matroni, yeye mbele mimi nyuma, na kwa kila hatua sindano zikawa zinalia ndani ya bati.

Matroni alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, sauti yake inasikika wodi tatu. Kelele zake ndizo nilizokuwa nazikwepa miaka yote. Alilimimina kopo kwenye trei ya chuma. Zikajaa trei, nyingine zimeshika kutu, nyingine bado zinang'aa. Kisha akavua miwani.

"Hii ya kwanza ungeniletea," akasema polepole, "ningeuliza kwa nini nesi mmoja anazalisha watatu peke yake. Ningeuliza kwa nini boksi la sindano liko mlangoni badala ya pembeni ya kitanda. Ningewaombea chanjo ya homa ya ini na nyie wa huku chini. Sasa nimeyajua leo."

Hakupiga kelele. Ningelipa chochote apige.

Mambo yakabadilika baada ya hapo, tena upesi. Boksi likasogezwa kitandani. Sindano za kushonea zikawa zinahesabiwa kabla na baada, na mama haondolewi mpaka hesabu itimie. Tukapewa koleo ndefu na meza ya kuchambulia, tukachanjwa, kibarua na mwajiriwa sawa. Sista Modesta hakufukuzwa. Alilia mbele ya wenzake, na tangu hapo akawa mkali kuliko matroni. Kama umefundishwa naye, unajua nasema nini. Mimi nikapimwa kwa utaratibu, nikamaliza dawa, nikapimwa tena na tena. Nilitoka salama. Nimewaambia langu kwa sababu ni langu.

Mama Kabula zamu yake ya kupimwa ilipofika, muda wa dawa za kinga kwake ulikuwa umeshapita. Kilichobaki ilikuwa ni majibu tu. Asubuhi hiyo alisimama mlangoni pa chumba cha kufulia, kanga imefungwa kiunoni.

"Baba Minza, sitaki kukaa pale peke yangu."

Basi nikaenda naye. Nikakaa kwenye lile benchi nililoliogopa kuliko kifo, jua la asubuhi usoni, na Nyasubi nzima ikipita kwenda sokoni. Walinisalimia, niliwaitikia. Muuza dagaa alipita pia, akasimama, akatutazama, akaenda zake. Mama Kabula alikaa na mikono mapajani, kiganja cha kushoto kimefunikwa na cha kulia. Nilisali kwa maneno ambayo sikumbuki hata moja.

Akaitwa. Akaingia. Mlango ukafungwa, nikahesabu mbao za ule mlango, nikazihesabu tena.

Nikisimulia haya kwenye mafunzo yenu, kila mara yupo mmoja anayenyoosha mkono na kuuliza majibu yalikuwaje. Simjibu. Majibu ya mtu ni ya mtu, na kama hamjaelewa hilo, rudini chuoni. Nitawaambia nilichokiona tu. Alitoka ameshika karatasi, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga. Macho yake yalikuwa makavu. Mimi nilishindwa kusimama, yeye ndiye aliyenishika mkono kuniinua, kwa kiganja kilekile.

"Twende," akasema. "Mashuka yanatusubiri."

Tukaenda, tukavaa glavu, tukaanza na ya leba.